Morisi: Kisiwa kilichohofia wingi wa watu sasa chatafuta wafanyakazi ng'ambo

MWANAUCHUMI Mwingereza James Meade alipokwenda Mauritius mwaka wa 1960 kuchunguza mustakabali wa koloni hilo, kisiwa kilikuwa hakijainuka. Kimbunga Carol kilikuwa kimepita Februari ya mwaka huo, kikaangusha maelfu ya nyumba na kuilaza miwa chini, na miwa ndiyo iliyokuwa riziki ya karibu kila mtu.

Ripoti aliyoiandaa pamoja na wenzake ilitolewa mwaka wa 1961 na haikuwapa wenyeji matumaini makubwa. Malaria ilikuwa imedhibitiwa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, watoto hawakuwa wakifa kama zamani, na idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka kwa karibu asilimia tatu kila mwaka. Ardhi ilibaki ile ile na zao ni lile lile moja. Vijana hao wote wangeajiriwa wapi?

Mtaalamu wa sera za jamii, Richard Titmuss, aliyeongoza uchunguzi mwingine wakati uo huo, alifikia uamuzi uliofanana na huo. Kisiwa kisipoanzisha uzazi wa mpango, alionya, idadi ya watu ingekilemea.

Morisi, kama nchi hiyo inavyoitwa kwa Kiswahili, leo ina watu wapatao milioni 1.2 wanaoishi katika eneo la kilomita mraba 2,040. Kwa msomaji wa Kenya mfano wa karibu ni Kaunti ya Kisumu, ambayo nchi yake kavu ni takriban ukubwa huo na ambayo sensa ya 2019 ilihesabu wakazi milioni 1.15. Kisumu nayo ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Miwani, kilichoanzishwa mwaka wa 1922, ndicho kilichokuwa cha kwanza cha sukari humu nchini.

Hata hivyo, mfano huo unaishia hapo. Pato la wastani la mkazi wa Morisi limepita dola 10,000 za Marekani kwa mwaka, ilhali la Mkenya ni kama dola 2,000. Mnamo Julai 2020, Benki ya Dunia iliiweka Morisi katika kundi la mataifa yenye mapato ya juu, heshima ambayo iliipoteza mwaka mmoja baadaye kutokana na janga la corona.

Si ajabu basi kwamba wanasiasa wa Afrika wanapotaka kuwaonyesha wananchi mahali wanapotaka kuwapeleka, jina la Morisi halikosekani. Wanachosahau kusimulia ni jinsi safari hiyo ilivyokuwa, nani aliachwa njiani, na kwa nini wakazi wa kisiwa chenyewe wameanza kuwa na wasiwasi.

Miwa na walioilima

Kisiwa hicho, kilicho takriban kilomita 800 mashariki ya Madagaska, hakikuwa na wenyeji wa asili. Waholanzi walitia nanga mwaka wa 1598, wakakipa jina la mwanamfalme wao Maurits, wakaleta miwa kutoka Java mwaka wa 1639, kisha wakaondoka mwaka wa 1710. Ndege aliyeitwa dodo, ambaye hakujua kuruka, alikuwa ametoweka kabla wao hawajaondoka. Wafaransa walikitwaa mwaka wa 1715 na Waingereza wakawapokonya mwaka wa 1810.

Waliofanya kazi ya sulubu enzi za Wafaransa walitolewa Madagaska, Msumbiji na mwambao wa Waswahili. Mwaka wa 1776, mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika visiwa hivyo vya Ufaransa. Msomaji wa pwani anayedhani kwamba Morisi ni nchi ya mbali isiyomhusu hana budi kulikumbuka hilo.

Utumwa ulipopigwa marufuku Februari 1, 1835, waliolipwa fidia ni mabwana, si watumwa. Watu zaidi ya 60,000 waliachiliwa mikono mitupu. Wengi wao hawakutaka hata kuyaona mashamba ya miwa. Walikimbilia pwani kuvua samaki au wakawa mafundi mijini.

Nafasi zao zilichukuliwa na vibarua wa mkataba kutoka India. Kuanzia mwaka wa 1834 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, karibu nusu milioni yao walipitia kituo cha Aapravasi Ghat bandarini Port Louis, ambacho Unesco ilikiorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2006. Mtindo uo huo wa vibarua ndio uliowaleta Wahindi kujenga reli ya Mombasa zaidi ya miaka 60 baadaye. Wajukuu wa vibarua hao ndio wengi nchini Morisi leo, na ndio wanaoshika hatamu za serikali tangu uhuru ulipopatikana Machi 12, 1968 chini ya Waziri Mkuu Seewoosagur Ramgoolam.

Kwa hivyo taifa jipya lilikuwa na serikali mikononi mwa watoto wa vibarua, mashamba makubwa na viwanda mikononi mwa familia chache zenye asili ya Ufaransa, na wazao wa watumwa ambao hawakuwa na serikali wala shamba. Kwingineko barani, hali kama hiyo ilizaa unyakuzi wa mashamba au vita. Morisi ilichagua njia ya tatu. Mashamba yaliachiwa wenyewe lakini sukari inayouzwa nje ikatozwa ushuru, na ushuru huo ukasaidia kugharimia shule, hospitali na pensheni.

Aidha, bahati iliingilia kati. Mwaka wa 1975, nchi za Ulaya zilitia sahihi mkataba wa Lomé na mataifa ya Afrika, Karibi na Pasifiki. Morisi ndiyo iliyopata mgao mkubwa kuliko wote katika itifaki ya sukari: zaidi ya tani 500,000 kila mwaka kwa bei iliyowekwa mapema, bei ambayo kwa kawaida ilikuwa juu sana kuliko ya soko la dunia.

Mataifa mengine yaliyopata mgao huo yaliutumia kwa matumizi ya kila siku. Nchini Morisi, familia za miwa zilichukua faida zikajenga viwanda vya nguo na hoteli. Sheria ya mwaka wa 1970 iliyoondoa ushuru kwa viwanda vinavyouza bidhaa ng'ambo haikuwafungia wawekezaji ndani ya ua mmoja kama ilivyofanyika Athi River miaka ya tisini. Kisiwa kizima kilikuwa eneo la viwanda, hivyo kiwanda kiliweza kujengwa kijijini, mahali wasichana walipokuwa wakiishi.

Wafanyabiashara wa Hong Kong walikuja, nao wenyeji wakaingia ubia nao. Kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini, viwanda hivyo vilikuwa vimeajiri karibu watu 90,000, wengi wao wanawake, na tatizo la ukosefu wa kazi ambalo lilimkosesha Meade usingizi likawa karibu limekwisha. Meade mwenyewe alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1977, lakini kwa kazi nyingine.

Shule zilivyofunguliwa milango

Viwanda na hoteli vilihitaji watu wanaojua kusoma, na hapa ndipo simulizi hii inapowatoka wataalamu na kuingia mikononi mwa wanafunzi.

Mei 20, 1975, wanafunzi wa sekondari waliandamana kuelekea Port Louis wakilalamikia pengo kati ya shule chache za serikali zilizokuwa na kila kitu na shule nyingi za kibinafsi zilizowatoza wazazi karo na kuwapa watoto elimu hafifu. Polisi waliwazuia katika daraja la Grande Rivière Nord-Ouest na kuwarushia vitoa machozi. Kabla ya mwaka huo kuisha, umri wa kupiga kura ulikuwa umeshushwa hadi miaka 18.

Ramgoolam, aliyekabiliwa na uchaguzi wa Desemba 1976 na chama kipya cha upinzani kilichopendwa mno na vijana, alitangaza kwamba elimu ya sekondari ingekuwa bila malipo. Alinusurika kwa kuunda serikali ya muungano, na Januari 1977 ahadi ikatimizwa. Hesabu za kura ndizo zilizofungua milango ya shule, wala hakuna haja ya kulipamba jambo hilo.

Waliofaidika zaidi ni wasichana. Mzazi aliyekuwa na uwezo wa kulipa karo ya mtoto mmoja alizoea kumchagua mvulana. Karo ilipoondolewa, sababu hiyo nayo iliondoka. Kenya ilingoja hadi mwaka wa 2008 ndipo ikaanza kugharimia masomo ya sekondari ya kutwa.

Serikali zilizofuata ziliendeleza mtindo huo. Mwaka wa 2005, wanafunzi na wazee waliruhusiwa kusafiri kwa basi bila nauli, na Januari 2019 masomo ya shahada ya kwanza katika vyuo vya umma yakawa bila karo. Mwanauchumi Joseph Stiglitz alipoisifu nchi hiyo mwaka wa 2011, alichowashangaza nacho wasomaji wake wa Marekani ni kuwa taifa dogo la Afrika liligharimia elimu na matibabu ya watu wake ilhali taifa lao tajiri lilidai haliwezi.

Hata hivyo, kuna mwiko mmoja ambao sifa hizo huuruka. Kwa miaka mingi hatima ya mtoto wa Morisi iliamuliwa na mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ulioitwa CPE, jina ambalo Wakenya waliosoma kabla ya mwaka wa 1985 wanalikumbuka vyema. Nafasi katika shule bora zilikuwa chache mno, tuisheni ikawa biashara kubwa, na mtoto wa miaka 11 akawa anarudi nyumbani usiku. Mtihani huo ulifutwa na mfumo mpya wa miaka tisa ya elimu ya msingi ukaanza mwaka wa 2017, lakini tuisheni haikwenda popote.

Fauka ya hayo, kuna suala la lugha. Mtoto huzungumza Krioli nyumbani, hukuta magazeti yameandikwa Kifaransa, na darasani vitabu vyake ni vya Kiingereza. Yule ambaye wazazi wake wamesoma huzivuka lugha tatu bila taabu. Mtoto wa mvuvi anayeanza darasa la kwanza kwa lugha asiyoisikia popote huanguka mapema, na akishaanguka, ni nadra kuinuka. Krioli iliruhusiwa kuwa somo la hiari katika shule za msingi mwaka wa 2012, karibu miaka 44 baada ya uhuru.

Wanaoanguka zaidi ni Wakrioli, wazao wa wale watu wa Kilwa, Msumbiji na Madagaska. Idadi yao kamili haitolewi rasmi kwani sensa ya mwisho kuuliza jamii ya mtu ilikuwa ya 1972. Hasira yao ililipuka Februari 1999, mwanamuziki maarufu aliyejulikana kama Kaya alipofariki akiwa korokoroni mwa polisi. Ghasia zilidumu siku kadhaa katika nchi iliyozoea kujiita mfano wa utangamano. Tume ya Ukweli na Haki, iliyowasilisha ripoti yake mwaka wa 2011, ilieleza kwamba makovu ya utumwa bado yanaonekana katika umiliki wa ardhi, ajira na masomo ya jamii hiyo.

Watalii wachache, fedha nyingi

Kuhusu utalii, Morisi ilifanya uamuzi ambao Mombasa haikuufanya. Mwaka wa uhuru, wageni waliofika kisiwani hawakuzidi elfu chache juu ya 10,000. Badala ya kuwavuta wengi kwa bei nafuu, serikali ilizikataa ndege za kukodi zilizokuwa zikiwamwaga Wazungu katika fuo za dunia. Aliyetaka kwenda Morisi ilibidi apande ndege ya ratiba, alipe nauli kamili, na akifika apate hoteli ya hadhi. Le Saint Géran, iliyofunguliwa mwaka wa 1975, ndiyo iliyoonyesha njia.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu. Mwaka wa 2024, Kenya yenye mbuga, milima na bahari ilipokea watalii wapatao milioni 2.4. Morisi, isiyo na simba wala ndovu, ilipokea karibu milioni 1.4, idadi inayozidi ile ya wakazi wake.

Hoteli nyingi zilijengwa na fedha zile zile za sukari, juu ya ardhi ya pwani yenye mchanga ambayo miwa haikuitaka. Kisheria, ufuo ulio chini ya alama ya maji kujaa ni wa umma, na jioni ya Jumapili familia za wenyeji hujaa huko na masufuria ya biriani. Lakini kila hoteli mpya hupunguza njia za kuufikia ufuo wenyewe, na mizozo kuhusu jambo hilo haiishi.

Mahali panapoonyesha vizuri mambo haya mawili ni Le Morne, mlima wa mawe ulio kusini magharibi mwa kisiwa. Watumwa waliotoroka walijificha kileleni. Wazee husimulia kwamba mwaka wa 1835, askari walipopanda kuwapa habari za uhuru, watoro walidhani wanakamatwa na kujirusha bondeni. Unesco iliuorodhesha mlima huo mwaka wa 2008. Chini yake leo kuna hoteli za kifahari, na usiku wageni hutumbuizwa kwa sega, ngoma iliyozaliwa na watumwa hao hao.

Utegemezi wa utalii una gharama yake. Mipaka ilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, haikufunguliwa kikamilifu hadi Oktoba 2021, na shirika la ndege la Air Mauritius likawekwa chini ya wasimamizi. Katikati ya dhiki hiyo, Julai 25, 2020, meli ya Wakashio ilikwama katika miamba ya matumbawe ya Pointe d'Esny na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta. Wananchi hawakuisubiri serikali. Walishona magunia, wakayajaza majani makavu ya miwa na kuyatandaza baharini ili yanyonye mafuta.

Fedha zipitazo

Bei ya sukari iliyohakikishwa na Ulaya ilipunguzwa kwa asilimia 36 na itifaki yenyewe ikafikia kikomo mwaka wa 2009. Mkataba wa dunia uliokuwa ukizilinda nguo za nchi ndogo nao ulikwisha Januari 2005. Kisiwa ambacho mwaka wa 1973 kilizalisha tani zaidi ya 700,000 za sukari sasa hakifikishi 300,000, na viwanda zaidi ya 20 vya wakati wa uhuru vimebaki vitatu. Vilivyosalia huuza sukari maalumu ya bei ya juu na kuchoma makapi ya miwa kuzalisha umeme, na wawekezaji wao wamenunua hisa hadi humu nchini, katika viwanda vya Transmara na Kwale. Kwa upande wake, Kenya ilivikodisha viwanda vinne vya umma, vikiwemo Chemelil na Muhoroni, kwa kampuni za kibinafsi mwaka wa 2025.

Nguzo iliyoziba pengo hilo ni huduma za fedha. Kupitia mikataba ya kodi, hasa ule wa India wa mwaka wa 1982, kampuni za kigeni zilisajiliwa Port Louis na Ebène ili kupunguza kodi katika nchi zilikofanyia biashara. India ilibadilisha mkataba huo mwaka wa 2016. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha mkataba kama huo mnamo Machi 2019, baada ya wanaharakati wa haki ya kodi kulalamika kuwa haukufuata utaratibu wa Bunge. Walichokuwa wakidai ni rahisi kueleweka: kodi inayookolewa kisiwani ni darasa lisilojengwa kwingineko.

Hofu ya Titmuss nayo imegeuka. Uzazi wa mpango ulipokelewa, wasichana walisoma na kuchelewa kuolewa, na leo mwanamke wa Morisi kwa wastani huzaa watoto chini ya wawili. Vijana wenye shahada hawazitaki kazi za cherehani zilizowasomesha mama zao. Wanaoweza huenda Ufaransa, Kanada au Australia. Wazee wanaongezeka.

Tangu mwaka wa 1958, kila mzee nchini humo amekuwa na haki ya pensheni ya serikali, awe tajiri au maskini. Mnamo Juni 2025, Waziri Mkuu Navin Ramgoolam, mwana wa mwasisi wa taifa, aliyekuwa amerejea madarakani Novemba 2024 kwa kishindo, alitangaza katika bajeti kwamba umri wa kuipokea ungepandishwa hatua kwa hatua kutoka miaka 60 hadi 65, kwa kuwa deni la taifa limekuwa kubwa mno. Vyama vya wafanyakazi viliingia barabarani.

Wakati huo huo, viwanda vya nguo, mikate na ujenzi vinaendelea kuagiza wafanyakazi kutoka Bangladesh, Madagaska, India na Nepal. Hufika kwa mikataba ya miaka michache, hulala katika mabweni ya waajiri wao, na mkataba ukiisha hurudishwa makwao.